Ukipata Pesa Ghafla na Una Deni la Awamu: Namna ya Kulifunga Kabla ya Siku Zake

Swali hili limenijia mara tatu tangu Ramadhani iliyopita, na kila mara kwa mtu mwingine. Mtu ana deni alilopangiwa rasmi kulilipa kidogo kidogo, iwe ni na benki, na sako, au kwa amri ya mahakama. Kisha Mwenyezi Mungu anamfungulia mlango asioutarajia. Mafao yaliyokwama yametoka, au mirathi imegawanywa, au mtoto aliyeko Oman katuma kwa mkupuo mmoja. Je, alimalize deni lote leo? Na akilimaliza, afanye nini ili deni hilo lisije likafufuka?

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, mara nyingi, ila kuna masharti nitakayoyataja. Swali la pili ndilo lenye maneno, kwa sababu nimeona watu wakitoa pesa zote na bado wakabaki wadaiwa kwenye karatasi.

Mifano yangu mingi ni ya Kwanza, kule Trans Nzoia. Nina wakwe huko, na sijaona mahali ambapo deni na pesa za ghafla hukutana kama kule. Kwanza ni nchi ya mahindi. Hupandwa Machi na Aprili mvua zikianza, huvunwa kuanzia Oktoba, na hapo ndipo mwaka wa pesa unapoanza na kuishia. Mbolea na mbegu hukopwa, trekta hukopwa, na Januari ikifika shule zinadai karo. Mtu anayelipwa mara moja kwa mwaka hawezi kuishi bila deni, na asilaumiwe kwa hilo.

Wanaokumbuka msimu wa 2017 kuingia 2018 watanielewa. Serikali ilitangaza kununua mahindi kwa Sh3,200 kwa gunia la kilo 90 kupitia bodi ya nafaka, NCPB. Wakulima walipeleka magunia yao kwenye maghala ya Kitale na Moi's Bridge. Ikaja kashfa: wafanyabiashara walikuwa wameuza kwa jina la wakulima, malipo yakasimamishwa, ukaanza uhakiki wa nani alilima na nani hakulima. Wakulima wa kweli wakasubiri mwezi baada ya mwezi huku mabenki na maduka ya pembejeo yakiwangoja. Wengine walikuwa wamekata tamaa pesa zilipoingia. Zilikuwa jasho lao wenyewe lakini zilikuja kama za kuokota. Jirani zao wa Bungoma waliopeleka miwa Nzoia nao wanayajua malimbikizo ya namna hiyo. Na sisi Pwani tusijione tuko mbali: mwaka 2018 mahakama iliamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa hasara ya ujenzi wa bandari, na hesabu ya madeni yatakayolipwa na fidia hiyo ilianza kupigwa vibarazani siku hiyohiyo.

Lijue deni lako ni la namna gani

Kosa la kwanza ni kudhani deni ni deni. Kila mpango wa kulipa una mlango wake wa kutokea, na ukigonga mlango usio wako hutafunguliwa.

Mkopo wa sako ndio mwepesi kuliko yote. Sako nyingi hutoza riba kwa salio linalopungua. Tuseme ulikopa Sh360,000 kwa miezi 36, riba ya asilimia moja kwa mwezi. Kila mwezi unarudisha Sh10,000 za mkopo pamoja na riba ya salio lililobaki. Mwezi wa kwanza riba ni Sh3,600, wa pili Sh3,500, na inaendelea kushuka. Ukifika mwisho utakuwa umelipa riba ya Sh66,600. Sasa pesa za ghafla zikikufikia baada ya mwaka mmoja, umebaki na Sh240,000 na riba uliyokwisha lipa ni Sh36,600. Ukifunga siku hiyo, unaokoa Sh30,000 ambazo ungelipa kwa miaka miwili iliyobaki. Angalia vizuri: theluthi moja tu ya muda imepita, lakini zaidi ya nusu ya riba imekwisha kwenda. Ndiyo maana kufunga mapema kuna maana kubwa mwanzoni na maana ndogo mwishoni. Mtu aliyebakisha miezi minne hana sababu ya kuuza mbuzi ili afunge deni.

Mambo hubadilika kama riba ilipigwa mara moja juu ya mkopo wote. Mkopo uleule wa Sh360,000, asilimia 12 kwa mwaka kwa miaka mitatu, riba ni Sh129,600 na kila mwezi unalipa Sh13,600. Baada ya mwaka umelipa Sh163,200. Karani akikuambia "lipa kilichobaki", yaani Sh326,400, basi umeharakisha malipo bila kuokoa hata senti moja. Umemlipa riba ya miaka miwili ambayo hukukaa na pesa zake. Hapo usitoe pesa. Andika barua, omba hesabu ya kufunga kwa siku maalumu, na uulize wazi ni riba kiasi gani imeondolewa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inayompa mkopaji haki ya kulipa salio lote wakati wowote bila kutozwa adhabu. Lakini isome barua ya ofa uliyotia sahihi, kwani mikopo mingi ya benki ina kifungu cha ada ya kufunga mapema, na ni afadhali ubishane juu yake kabla pesa hazijatoka kwako.

Sako zina jambo jingine. Wako wanaouliza, "Si nina akiba humo humo, kwa nini wasikate?" Kwa kawaida akiba ya sako haiguswi mpaka ujitoe uanachama, na ukijitoa umepoteza nafasi ya kukopa tena. Pesa za nje zikija, zilipe deni na uiache akiba ilale.

Mkopo wa benki uliokwama

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hulipa zaidi ya wanachodaiwa.

Mkopo wa benki ukipita siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa umekwama. Mara nyingi benki na mteja hukaa wakapanga upya: awamu ndogo, muda mrefu. Mpango huo nao ni mkataba, na miaka inapita riba ikiongezeka. Mtu akipata pesa anakwenda kuulizia salio na anatajiwa kiasi kinachomtoa jasho.

Sheria ya Benki ya Kenya ina kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika mwaka 2007, ambacho wateja wengi hawakijui. Kinasema riba ambayo benki inaweza kudai baada ya mkopo kukwama haiwezi kuzidi mtaji uliokuwa umebaki siku ulipokwama. Kwa mfano ulikopa Sh200,000, ukalipa ukalipa, na mkopo ulipokwama mtaji uliobaki ulikuwa Sh150,000. Riba ikue itakavyokua, haiwezi kupita Sh150,000 nyingine. Kwa hiyo dari ni Sh300,000, ukiongeza gharama halali za kudai. Ukitajiwa Sh420,000 una haki ya kuuliza hizo nyingine zimetoka wapi. Uliza kwa maandishi, ukiwa na taarifa ya akaunti tangu siku ya kwanza ya mkopo. Tena jambo la tarehe lisikupite: siku mkopo ulipokwama ndiyo kipimo, wala si siku mliyopanga upya, isipokuwa kama mkopo wa kwanza ulilipwa wote na mkapatana mwingine mpya. Mawakili hubishana sana hapo.

Benki ikiona una pesa mkononi na mkopo ulikuwa karibu kufutwa vitabuni, mara nyingi hukubali punguzo. Hilo ni la kawaida na si aibu kuliomba. Ila likubaliwe kwa barua yenye maneno mawili ya lazima: kwamba kiasi fulani kikilipwa kabla ya tarehe fulani kitakuwa malipo *kamili na ya mwisho*. Bila maneno hayo umelipa sehemu ya deni, basi.

Deni la mahakama

Hili ndilo lenye mtego mkubwa.

Mtu akishindwa kesi ya deni anaweza kuomba alipe kwa awamu. Kanuni za Mashauri ya Madai za 2010, Amri ya 21 kanuni ya 12, zinampa hakimu uwezo huo, hata baada ya hukumu, mwenye kudai akiridhia au kukiwa na sababu ya kutosha. Siku hizi madai yasiyozidi Sh1 milioni huweza kusikilizwa na Mahakama ya Madai Madogo, na huko nako watu hupangiwa awamu.

Shemeji yangu wa Kwanza alikuwa na hukumu ya Sh186,000 ya duka moja la pembejeo. Alipangiwa Sh8,000 kila mwezi. Alilipa miezi tisa, Sh72,000, bila kukosa. Pesa za mahindi yake, magunia 120, zikaingia baada ya kusubiri zaidi ya mwaka: Sh384,000. Akachukua Sh114,000 zilizobaki, akampelekea mwenye duka mkononi, wakashikana mikono, wakanywa chai. Alipewa risiti ya kitabu cha duka, yenye jina lake na kiasi. Wiki kadhaa baadaye dalali alisimama uani akiandika ng'ombe na pampu ya maji.

Kilichotokea ni rahisi kukieleza. Duka lilibadilisha msimamizi, faili ilikuwa kwa wakili, na kwenye faili ya mahakama hapakuwa na karatasi inayosema deni limelipwa. Amri ya 22 kanuni ya 2 inasema malipo yaliyofanyika nje ya mahakama yathibitishwe mahakamani na aliyeshinda kesi ili yaandikwe. Asipofanya hivyo, mdaiwa mwenyewe anaweza kwenda kuieleza mahakama na kuomba mwenzake aitwe aeleze kwa nini malipo yasiandikwe. Kama halikuandikwa, kwa mahakama bado deni lipo. Nashukuru dalali kwa sheria hulazimika kungoja siku saba baada ya kuandika mali kabla ya kuichukua. Ndani ya siku hizo saba tulipeleka ile risiti na ombi mahakamani Kitale, ng'ombe wakabaki. Lakini gharama za dalali zilibishaniwa kwa muda mrefu kuliko deni lenyewe.

Kwa hiyo, ukiwa na amri ya awamu na umepata pesa, lipa mahakamani au kwa akaunti ya wakili aliyesimamia kesi, si mkononi. Kabla ya kulipa, omba kwa maandishi hesabu ya kufunga, maana hukumu ina riba na gharama zake na huenda kilichobaki si kile unachokihesabu kichwani. Ukilipa, tengenezeni barua ya kukiri deni limekwisha, itiwe sahihi na pande zote mbili, kisha ipelekwe masjala na igongwe muhuri. Nakala yenye muhuri weka pamoja na cheti cha ndoa.

Ukidaiwa na watu wengi kwa pamoja

Kuna wale ambao madeni yamewazidi mpaka wakaingia kwenye mipango ya Sheria ya Ufilisi ya 2015. Sheria hiyo ilileta njia za mtu wa kawaida kuepuka kutangazwa muflisi. Iko ya kukubaliana na wadai wote chini ya msimamizi, iko ya amri ya kulipa kwa awamu ndogo, na iko ya mtu asiye na mali kabisa, ambayo ni kwa madeni ya kati ya Sh100,000 na Sh400,000 na ambayo kwa kawaida humalizika kwa miezi 12. Si wengi wanaozitumia, lakini wapo, na kwao pesa za ghafla zina hukumu tofauti kabisa.

Ukiwa kwenye mpango wa namna hiyo, pesa zilizoingia si zako peke yako. Usiende kumlipa mdai unayempenda, au jirani anayekusumbua kwa simu, ukawaacha wengine. Kumpendelea mdai mmoja kunaweza kuuvunja mpango wote, na malipo yenyewe yakarudishwa. Nenda kwa msimamizi, mwambie kilichoingia na kimetoka wapi. Yeye ndiye atakayeangalia masharti mliyokubaliana: kama yanasema mali mpya iingie kwenye fungu la wadai, itaingia. Kama kiasi kinatosha kuwalipa wote, mpango unaweza kufungwa mapema. Kama hakitoshi kuwalipa wote lakini ni kikubwa, wadai wanaweza kukubali wachukue hicho na wasamehe kilichobaki, kwani pesa za leo ni bora kuliko ahadi ya miaka mitatu. Katika ule mpango wa mtu asiye na mali, kuficha ni hatari zaidi. Una wajibu wa kumwarifu Mpokeaji Rasmi hali yako inapobadilika, naye anaweza kukuondoa kwenye mpango ikiwa sasa unaweza kulipa. Na aliyekwisha tangazwa muflisi, mali inayomjia kabla hajaachiliwa huenda kwa mdhamini wa mali yake.

Wanaosoma fikihi hawatashangaa. Mlango wa muflisi kwa wanavyuoni wetu una sura hiyohiyo: kadhi humzuia mdaiwa asitumie mali yake, huiuza, na wadai hugawana kwa kadiri ya madai yao, hakuna anayeruka foleni. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alifanya hivyo kwa madeni ya Muadh bin Jabal. Tofauti ni kwamba makadhi wetu wa leo hawana mamlaka juu ya madeni ya biashara. Kifungu cha 170 cha Katiba kimewawekea ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, baina ya Waislamu walioridhia. Usimpelekee kadhi wa Kitale au wa Mombasa kesi ya benki.

Punguzo la kulipa mapema ni halali?

Hili niliulizwa na mama mmoja wa Malindi. Alipewa punguzo na muuzaji wa samani akilipa yote kwa pamoja, akaogopa ni riba iliyogeuzwa kichwa chini.

Wanavyuoni huliita suala hili "punguza uharakishe". Wengi katika madhehebu manne, na Shafi wetu wakiwemo, wamelikataa linapofanywa sharti: nipunguzie kiasi hiki ndipo nikulipe mapema. Hoja yao ni kwamba muda umeuzwa, na riba nayo ni kuuza muda. Lakini limepokewa ruhusa kutoka kwa Ibn Abbas, na Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim walilitetea, wakisema hii ni kinyume cha riba: riba humwongezea mdaiwa mzigo, na hili linamwondolea. Mwaka 1992 Baraza la Fikihi la Kimataifa lililoko Jeddah lilitoa azimio kwamba punguzo la namna hiyo linafaa ikiwa halikuafikiwa tangu mwanzo wa mkataba, na ikiwa ni baina ya mdai na mdaiwa wenyewe bila mtu wa tatu kuingia kununua deni.

Kwa mtu wa kawaida maana yake ni hii: lipa, au sema unataka kulipa, na mwenye deni akipunguza kwa hiari yake, chukua na umshukuru. Mabenki ya Kiislamu nchini, Gulf African iliyoanza 2008 na ile iliyokuwa First Community, ambayo sasa ni Premier, huuza kwa murabaha, na bei nzima huwa imetajwa tangu mwanzo. Ukilipa mapema benki inaweza kukusamehe sehemu ya faida iliyobaki, lakini huo ni msamaha wake. Uliza kabla ya kutoa pesa, usije ukategemea kitu ambacho mkataba haukukuahidi. Na kwa mkopo wa riba sina la kurefusha. Aliyeingia humo akapata pa kutokea, atoke upesi. Wallahu aalam.

Kulipa yote, au kubakiza?

Sasa ni pale ambapo mimi na wengine hatukubaliani. Wako wanaosema deni kwanza, hata ukalale njaa. Hadithi ya kwamba kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhulma tunaijua sote, na iko katika Bukhari na Muslim. Lakini awamu ambayo siku yake haijafika haijacheleweshwa. Mkulima wa Kwanza aliyepata Sh384,000 mwezi wa Januari, akalipa madeni yote mpaka senti ya mwisho, kisha Machi akakosa mbolea, ataikopa mbolea hiyo kwa masharti mabaya kuliko ya deni alilolifunga. Hakupunguza deni. Amelihamisha tu, akalipeleka kwa mdai mkali zaidi. Mvuvi wa Shela akilipa benki na kubaki bila injini ni hayo hayo.

Mimi humshauri mtu atenge kwanza cha msimu unaokuja na karo ya muhula mmoja. Kinachobaki kilipe deni lenye riba kubwa na lenye dhamana ya nyumba au shamba. Deni la ndugu lisilo na riba lifuate, ila huyo ndugu aambiwe mapema, maana naye kasikia kuwa umepata. Watu wa familia husikia habari ya pesa kabla ya benki.

Kama pesa zenyewe ni za mirathi, hakikisha kwanza madeni ya marehemu yamelipwa. Aya za mirathi katika Suratun-Nisaa zimetanguliza wasia na deni kabla ya mafungu. Si vizuri ukafunga deni lako kwa pesa ambazo kesho mdai wa baba yako atakuja kuzitafuta.

Pia angalia kama pesa zimeingia kweli na hazitarudishwa. Malipo ya serikali hukosewa, bima hudai marejesho, na mafao ya mtumishi hukokotolewa upya. Zikae akaunti wiki mbili tatu kabla hujazimwaga.

Rehani, wadhamini na majina yaliyobaki vitabuni

Deni likiwa na shamba nyuma yake, kulipa ni nusu ya safari. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa aliyeweka rehani haki ya kuikomboa kwa kulipa, hata kabla ya muda wa mkopo kwisha, na hata pale notisi ya kuuza ilipokwisha kutolewa, ilimradi shamba halijauzwa. Lakini rehani haijiondoi yenyewe. Mkopeshaji hutoa hati ya kuiondoa, nayo husajiliwa kwenye ofisi ya ardhi. Mpaka hapo, hati miliki bado ina alama yake, na mtu akienda kufanya upekuzi ataambiwa shamba lina deni.

Trans Nzoia hili lina historia ndefu. Sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa mashamba ya wazungu. Baada ya uhuru mengine yaligawanywa kwa skimu za makazi, na waliogawiwa walipewa ardhi kwa mkopo wa Wadhamini wa Hazina ya Makazi, wa kulipwa kwa miaka mingi. Hati miliki ilitoka deni likiisha. Pwani tuna skimu za namna hiyo pia, ya Mpeketoni ikiwa inayojulikana zaidi. Leo ziko familia ambazo babu alilipa zamani lakini hakuna aliyefuata karatasi, na wajukuu wanahangaika na salio la vitabuni. Kama una pesa ya ghafla na deni la skimu limebaki dogo, hilo ni la kufungwa mapema kuliko mengine, maana mwenye risiti bado yuko hai. Hazina hiyo kwa sheria ya sasa ni Hazina ya Makazi ya Ardhi. Peleka risiti zote za zamani, hata zilizoliwa na mchwa pembeni, upate hesabu iliyoandikwa, ulipe, kisha ufuatilie kuondolewa kwa rehani na uhamisho wa jina.

Halafu wadhamini. Waliokutilia sahihi kwenye sako wapate nakala ya barua ya kufunga mkopo, kwa sababu jina la mdhamini linaweza kumzuia yeye mwenyewe kukopa. Shemeji yangu alikuwa na wadhamini watatu kwenye mkopo mwingine, na mmoja wao aligundua tu alipotaka kununua pikipiki.

La mwisho ni zile ofisi za kumbukumbu za mikopo, CRB. Ziko tatu zenye leseni: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kulipa hakufuti historia. Habari ya mkopo ulioharibika hubaki kwa miaka mitano tangu ulipolipwa, lakini hali yake lazima isomeke kuwa umelipwa. Kila mtu ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka. Iombe mwezi mmoja baada ya kufunga deni, isome mstari kwa mstari, na ukikuta salio ambalo si sifuri, mwandikie mkopeshaji na CRB siku hiyohiyo ukiambatisha ile barua ya "malipo kamili na ya mwisho". Mkopeshaji mmoja anaweza kuwa amepeleka jina lako kwa ofisi zote tatu, kwa hivyo usiridhike na ripoti ya ofisi moja.